Samli Juu ya Alama za Wino

Dada yangu aliponipigia simu nilikuwa Isaka, nashusha mizigo kwenye malori. Nilikuwa nimekaa pale wiki tatu, na kwangu wiki tatu ni nyingi. Alisema titi la kushoto limeshaondolewa, dripu za dawa ya saratani zimekwisha, na sasa wanataka kumpiga mionzi huku akimeza vidonge, vyote kwa pamoja. Hospitali ilitaka ndugu wa kukaa naye Mwanza. Mume wake alishaondoka zamani. Mama yetu yuko Kharumwa na magoti yake hayamfikishi hata kisimani. Nikabaki mimi, niliyeacha shule darasa la sita nikafuata dhahabu, na sijawahi kumaliza miezi miwili kwenye shimo moja.

"Ni siku ishirini na tano," akasema. "Jumatatu mpaka Ijumaa. Wewe utaweza kukaa?"

Nikamwambia nitakaa.

Tulipata chumba karibu na hospitali. Kila asubuhi, kabla ya kumeza vidonge, aliniita kutoka kitandani: "Bado upo?" Nami najibu, "Bado nipo." Ulikuwa utani wetu, lakini hakunyanyua kikombe mpaka nijibu.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimuuliza mtaalamu wa mionzi kwa nini mtu apewe mateso mawili kwa wakati mmoja. Alitaka kujua kazi yangu ni nini. Nilipomwambia nachimba, aliuliza mwamba ukikataa nyundo tunafanyaje. Nikamweleza kwamba mahali ambapo baruti haipatikani, tunakoka moto wa kuni juu ya mwamba mpaka uanze kupasuka, ndipo nyundo inaingia. Akasema vidonge ndio huo moto. Vinazidhoofisha seli za saratani, mionzi ikifika inazikuta hazina nguvu ya kujiponya. Ndiyo sababu vinakwenda pamoja, na ndiyo sababu siku hazirukwi. Hilo nililielewa vizuri. Mwamba ukiachwa ukapoa, unaanza upya na kuni zimekwisha.

Alitueleza pia kuhusu alama za wino walizomchora kifuani, zinazoielekeza mashine. Zisisuguliwe, na ngozi ile isipakwe kitu chochote wasichokitoa wao. Nilisikia kwa masikio yote mawili. Tena tulipofika chumbani nilimkumbusha dada, kwa sauti ya mtu anayejua.

Wiki ya tatu kifua kikawa cheusi kama sufuria ya kuni, kisha ngozi ya kwapani ikaanza kuchubuka. Vidonge navyo vilimchubua viganja na nyayo. Viganja vile viliponda mawe ya dhahabu miaka mingi huko Geita, nilidhani hakuna kitu kinachoweza kuvichubua. Sasa alishika kikombe kwa kanga. Hakuweza kuushusha mkono wa kushoto, akawa analala ameunyoosha juu ya kichwa kama anayejisalimisha. Hakulia. Alikuwa anapumua tu kwa kukata, na chumba kilikuwa kimoja, nikasikia kila pumzi.

Ijumaa jirani yetu wa Kharumwa alifika mjini na chupa ya samli. Mama alisikia kwenye simu kwamba mwanawe ameungua, akafanya anachofanya mama yeyote wa Kisukuma. Kwetu mtoto akimwagikiwa na uji wa moto, kinachokimbiliwa ni samli. Mimi mwenyewe niliungua paja nikiwa mdogo, nikapakwa, na leo kovu hulioni. Samli haiombewi ruhusa kwa mtu.

Jumamosi nikampaka. Kwa kidole kimoja, taratibu, kuanzia kwapani. Dada alinitazama, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ni samli ya mama. Siku hiyo alilala mchana kutwa, usingizi ambao hakuupata kwa wiki nzima. Jumapili nikampaka tena, na iliyozidi nikaipangusa kwa kanga. Nilijiona nimefanya jambo.

Jumatatu mtaalamu alifunua kifua. Alama mbili hazikuwepo. Kidonda kilikuwa kibichi, kinanuka samli, na chini yake pana joto. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Daktari alikuja, akasema kidonda kimeingiwa na vijidudu. Mionzi isimame mpaka pakauke, na vidonge visimame nayo. Kisha apimwe na kuchorwa upya. Tuliambiwa siku kumi. Zikawa kumi na sita.

Nilizihesabu zote. Asubuhi moja nilitoka kutafuta chai nikajikuta stendi, nimesimama mbele ya basi la Kahama, kondakta ananiuliza kama napanda. Nilirudi chumbani na chai imepoa.

"Bado upo?" dada akauliza.

"Bado nipo."

Akapokea chai, kisha akasema, "Mama asijue. Mwambie ngozi ilichoka yenyewe."

Alimaliza siku zote ishirini na tano, tukarudi Geita, kwake Kalangalala. Alipona kifua. Aliacha kuponda mawe akawa anauza vitunguu mlangoni. Miezi minane baada ya hapo akaanza kukohoa, na picha ikaonyesha ugonjwa uko kwenye mapafu. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamuuliza kama ni zile siku kumi na sita. Akasema hakuna anayeweza kujua, ugonjwa ulikuwa mkubwa tangu mwanzo, ungeweza kurudi hata bila hilo. Nikamuuliza tena. Akajibu vilevile. Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana.

Dada alifia Kharumwa, nyumbani kwa mama, saa nne asubuhi. Siku hiyo hakuniuliza chochote. Nilimwambia mimi mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba bado nipo.

Watu walipotawanyika baada ya mazishi, mama alikaa kwenye kigoda na kibuyu cha maziwa mapajani, anasukasuka. Aliniuliza bila kunitazama:

"Ile samli niliyotuma, ilimfaa?"

"Ilimfaa, mayu," nikasema. "Alilala."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusukasuka kibuyu. Jioni aliniwekea chupa nyingine ya samli karibu na begi langu, akijua nilivyo, kwamba kesho nitaondoka.

Chupa bado iko pale pale. Huu ni mwezi wa tano tangu tumzike.