Aliyeambiwa "Zima"

Mwanamke aliyekuwa akinisagia unga pale Kianjai amekufa, na nimerudi kutoka mazishini na hasira ambayo hata chai haijaituliza. Mnivumilie. Hakuugua. Alikufa kazini, mchana, wateja wakiwa kwenye foleni, kisha mwenye mashine akasimama kando ya kaburi akatuambia eti siku yake ilikuwa imefika. Siku gani? Upuzi mtupu!

Tulijuana kwa kugombana. Alikuwa na mazoea ya kuuma punje moja ya kila mteja kabla ya kupokea debe. Yangu aliitema. "Wewe wa gazeti, hii mahindi haijakauka. Itaniharibia mashine. Rudi nayo uanike." Nikamuuliza mashine ilikuwa yake tangu lini. Akacheka mpaka leso ikamlegea. "Si yangu, lakini ikikufa watoto wangu watakula nini? Gazeti yako?" Nikaenda nikaanika.

Mwenzake, yule anayepima mahindi mlangoni, alinisimulia yaliyotokea. Kisanduku cha swichi ya mota kilitoa moshi, kisha moto. Yeye akapiga kelele: "Zima! Mama, zima!" Alimaanisha stima, yaani umeme. Lakini sisi huzima taa na huzima moto kwa neno hilohilo, na mama wa watu alikuwa anatazama moto. Akachota ndoo kwenye pipa, akamwagia kisanduku. Stima ikarudi na maji, ikamshika. "Kwa roho nilisema stima," mwenzake aliniambia akilia. "Kwa mdomo nikasema zima tu."

Huyo simlaumu hata kidogo. Na hata kama angeeleweka, ingezimwa vipi? Swichi kubwa iko ukutani nyuma ya magunia ya mwenye mashine, yaliyopangwa hadi karibu na dari. Nilipomuuliza kuhusu kizima moto, alinijibu kwamba hicho ni cha maofisi. Maofisi! Kwani stima ya ofisini ndiyo peke yake inayoua? Tunamwajiri mtu, tunamwonyesha jinsi ya kuwasha mashine, halafu kuizima ajifunzie wapi, ndani ya jeneza? Nenda kwa vinyozi wa Nchiru, nenda kwa mafundi wa kuchomelea vyuma, uliza swichi kubwa iko wapi. Watatazamana.

Basi tuseme maneno kamili. Kelele ya kwanza iwe "Kata stima!" Maji yakae mbali. Aliyeshikwa na stima asiguswe kabla haijakatwa. Kizima moto cha poda kavu kitumike moto ukiwa bado mdogo na mlango ukiwa nyuma yako. Ukizidi, toeni watu nje, mwite zimamoto na watu wa stima.

Mota mpya ilikuwa imeshafungwa kabla hatujamzika. Umesikia, wewe unayeilinda mashine ya mtu? Ikishika moto na swichi huifikii, iache iungue. Toka.