Nilivyoitetea Sehemu ya Tatu

Mimi ni mtu wa ubishi. Nikishaanza kutetea kitu siwezi kuacha, hata nikijua moyoni kwamba ninaelekea kuumbuka. Mama yangu husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Kwa hiyo msishangae kusikia kwamba jambo linalonitia aibu kuliko yote niliyowahi kufanya lilianza na mchezo wa video.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo, na alasiri zangu nyingi ziliishia katika chumba cha michezo pale commune ya Kisangani, mojawapo ya wilaya za mji wetu, nyuma ya duka la mabati. Palikuwa na televisheni nne, jenereta moja, na mabenchi yaliyonunuliwa kwenye kanisa lililohama. Televisheni tatu zilikuwa za watu wa mpira. Ya nne ilikuwa yetu, sisi watu sita tuliopenda mchezo mmoja wa hadithi ndefu, wenye wachawi, mapanga na zimwi la moto. Tuliucheza kwa namna yetu: shujaa mmoja kwa watu wote sita. Mmoja anashika manette, yaani kile kidude cha kuchezea, wengine wanatoa mashauri, na shujaa akifa manette inahamia kwa jirani. Mimi niliheshimiwa kwa sababu mchezo ulikuwa na maandishi mengi ya Kifaransa, na nilisoma haraka kuliko wenzangu. Niliyasoma na kuyageuza kwa Kiswahili papo hapo, na kwa Kilingala pakiwa na matusi.

Sehemu ya kwanza na ya pili tulizimaliza kwa furaha, tukapigana na majeshi, tukaokoa ufalme. Ndipo mwenye chumba akatuletea sehemu ya tatu. Shujaa wetu amezeeka, na sasa unamchezesha mwanawe. Baba anamwachia daraja la miti juu ya mto wenye maji makali, nalo limevunjika. Kazi yako ni kulitengeneza. Unakata mti, unausimamisha majini, unaufunga, unarudi kukata mwingine. Tulicheza siku tatu bila kuona upanga. Zimwi lilikufa kwa uzee, na habari yake tulipewa na mama mwuza samaki.

Wenzangu walikasirika kweli. Mkali wao alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria, mtu mnene ambaye hata akisalimia anasikika barabarani.

“Hii iko jeu ya menuisier,” alisema, yaani mchezo wa seremala. “Mimi nakuya hapa kwa kusahau kazi, na bo wananipa kazi ingine.”

Wakakubaliana kwamba Jumatatu diski irudishwe kwa muuzaji, ibadilishwe na nyingine. Hapo ubishi wangu ukaamka. Nilisimama mbele ya televisheni nikawaambia hawana akili.

Na niseme wazi, niliupenda ule mchezo. Niliupenda kwa sababu yule kijana aliogopa maji. Alipokanyaga mwamba wa kwanza, manette ilitetemeka mkononi mwa aliyeishika, nami nikahisi mtu ameniona. Kama ningesema hivyo tu, labda wangecheka kidogo na mambo yangeisha.

Sikusema hivyo. Baba yangu ni mvuvi wa Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, na kila mtu mjini anajua kazi ya pale: miti mirefu inachomekwa kwenye matundu ya mwamba katikati ya maji, inafungwa kwa kekele, kamba ya porini, kisha mitego mikubwa ya vikapu inaning'inizwa majini. Niliwaambia kwamba wao ni watu wa nchi kavu, hawawezi kuelewa. Niliwaambia mimi ninayo miti yangu pale, niliyoisimamisha kwa mikono yangu. Nikaeleza jinsi unavyosikiliza kwa unyayo kama mti umekaa kwenye tundu, na jinsi kekele inavyokata vidole ikiwa imelowa. Yote hayo yalikuwa maneno ya baba, niliyoyasikia mezani tukila lituma, ndizi zetu za kupondwa. Mimi mwenyewe sikuwahi kupita ukingoni. Kila maji yalipopungua na familia ikaitwa kubadilisha miti iliyooza, mimi nilikuwa na mtihani, au malaria, au mkutano wa chuo. Tonton, mdogo wa baba, alinung'unika. Baba alimjibu neno lilelile kila mwaka: “Umuache, anasoma.”

Hata watu wa mpira waligeuka. Nilivimba kichwa.

“Bon,” dereva alisema. “Siku ya yenga twende utuonyeshe. Kama miti yako iko, jeu inabaki. Kama haiko, unafunga kinywa.”

Yenga kwetu ni Jumapili. Nilikubali haraka, nikijua baba siku hiyo anakuwa kanisani, yeye ndiye msomaji wa Neno. Nilipanga kuwaonyesha mti wowote kwa kidole kutoka mbali na kurudi nao mjini kabla ibada haijaisha.

Nilichosahau ni kitu ambacho mtoto yeyote wa mvuvi anakijua. Mto hauna Jumapili. Usiku wa kuamkia siku ile maji yalikuwa yameng'oa miti miwili, na padre aliwapa wavuvi ruhusa ya kutoka mara baada ya masomo ya misa. Tulipofika, sisi sita, mimi na viatu vyangu vyeupe, baba alikuwa juu ya mwamba, suruali ya kanisani imekunjwa hadi magotini. Tonton alikuwa kando yake na wavuvi wengine wanne walikuwa wakivuta kamba. Maji yalikuwa yamenifika shingoni na bado nilikuwa nimesimama kwenye mchanga mkavu.

Dereva hakupoteza wakati. Alivua kofia, akasalimu kwa adabu, kisha akauliza kwa ile sauti yake:

“Papa, mutoto yako anatuambia ye njo anafungaka hii miti. Iko kweli?”

Tonton aliacha kamba. Wavuvi wale wanne wananijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na wanajua siku zote ambazo sikuja. Mmoja alianza kutabasamu. Baba alinitazama, akatazama viatu vyangu, kisha akafuta mikono kwenye shati lile la kanisani. Nilitamani aseme hapana. Nasema kweli, kwa dakika ile nilitamani anikane mbele yao ili yaishe.

“Iko kweli,” baba alisema. “Muone ile ya tatu, kule kwenye maji inapigaka. Njo yake.”

“Ile yenye kuinama kidogo?” aliuliza dereva.

“Alifunga mbaya kidogo. Lakini inasimama.”

Hakuna aliyecheka. Yule mvuvi aliyetabasamu aliinama akaokota kamba. Tonton alitugeuzia mgongo. Mwenzetu mmoja akasema nipande niwaonyeshe, na baba, bila kuniangalia, akajibu kwamba leo maji ni makali, hataki mtu juu. Saa moja kabla ya hapo alikuwa amesoma Neno la Mungu mbele ya kanisa zima, na wanne wale walikuwa wamekaa benchi la mbele wakimsikiliza. Sikuwahi kumsikia baba yangu akisema uongo kabla ya siku hiyo.

Nilishinda, basi. Diski ilibaki. Dereva akawa mtetezi wa sehemu ya tatu kunishinda mimi, akawa anawafokea watu wa mpira kwamba hawajui uzito wa mti mmoja. Mimi sikuweza kushika manette tena. Kila yule kijana alipokanyaga mwamba na manette ikatetemeka, nilikuwa sina pa kuuweka uso. Nilisingizia mitihani, nikaacha kwenda. Mpaka leo sijui kama daraja lile lilifika ng'ambo.

Nyumbani baba hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. Siku ile alikula, akanisukumia kipande kizuri cha samaki, akauliza chuo kinaendaje. Tonton hakusema nami hadi msimu uliofuata.

Kibaya zaidi ni kwamba uongo wenyewe ulihitaji matunzo. Mti majini unaoza. Kila mwaka baba aliubadilisha ule wa tatu kwa mkono wake, akauinamisha kidogo vilevile, na wageni wakija kutazama maporomoko akawaonyesha: ile iko ya mutoto yangu, iko anatumikaka mu bureau. Niliyajua hayo kutoka kwa mama. Kwa miaka kadhaa, nikiwa tayari na kazi ya ofisini, nilipitia nyumbani, nikaacha sukari na sabuni, nikarudi bila kuteremka mtoni.

Mwaka jana, maji yalipopungua, mama alinipigia simu akasema baba bado anapanda, na magoti yake hayafai tena. Hakuniomba kitu. Nilimwomba mkuu wangu ruhusa, nikaenda. Nilivua viatu mchangani. Nilikanyaga mwamba wa kwanza, kisha wa pili, na nilitetemeka mwili mzima, na watu walikuwa wengi ukingoni, wavuvi na wake zao na wageni wenye simu zao. Baba alikuwa kwenye mti wa tatu. Hakushangaa kuniona. Alinipa kekele iliyolowa, nami nikaizungusha upande usio wake.

Alisogea taratibu, mzee yule, akasimama kati yangu na watu wa ukingoni hadi mgongo wake ukaifunika mikono yangu yote.

“Rudisha kwa kushoto,” aliniambia chini kwa chini. “Polepole. Batu wasione kama haujue.”