Undugu wa Buni

Ofisi yangu ya uwakili ipo Kayanga, juu kidogo ya stendi. Haipiti wiki sijamsimamia mwanamke aliyefukuzwa kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani, na mwanamume aliyeishi naye bila ndoa. Kesi hizo nashinda. Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili, majirani wakawajua kama mke na mume, mahakama itachukulia kuwa wameoana. Miaka miwili tu! Mimi na mwenzangu tuna tisa, lakini sisi ni wanaume wawili, na sheria pekee inayotutambua ni ya jinai. Hoja za kuibadili tunaandikiana mawakili watatu tunaoishi hivi, kisha tunazifungia kabatini, maana atakayezipeleka mahakamani atakuwa amejipeleka mwenyewe. Inachosha.

Maswali ya kwao Kibingo kuhusu kuishi kwetu pamoja yalipozidi, mwenzangu aliwaambia kwamba tumekula omukago, ule undugu wa kuchanjiana wa wazee wetu: punje mbili za tunda moja la buni, kila mmoja anameza iliyopakwa damu ya mwenzake. Uongo mtupu. Nilimnunia siku mbili. Lakini ukoo ulifurahi, nikapewa mkungu wa ndizi, na shangazi yake akaanza kuniita mwanangu. Nikajiambia, heri nusu shari kuliko shari kamili.

Jumapili moja, baada ya ibada, baba yake mdogo alituita wote wawili sebuleni kwake, wazee wa ukoo wakiwepo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kiti karibu yake.

"Wewe sasa ni damu yake," alisema. "Ndugu yako anazeeka bila mke. Kuna binti kule Nyakakika. Wewe unajua kusema, utatuongoza kwenda kuposa."

Yaani mimi ndiye mshenga! Nilimtazama mwenzangu. Alikuwa anatazama sahani.

"Nisamehe, baba. Hilo siliwezi."

"Huliwezi? Ndugu gani anamzuia ndugu yake kuoa?" Mzee akaweka kikombe chini. "Basi wewe ni nani kwake?"

Swali hilo nawauliza mashahidi wangu kila wiki. Huwa nawafundisha wajibu kwa neno moja, "mke", kwa sauti, bila kuinamisha macho. Neno langu ninalo, na sebule nzima ilikuwa inalisubiri. Mwenzangu alitikisa kichwa kidogo sana, akinisihi nisilitoe.

"Ni ndugu yangu, baba," nilisema. "Tunakwenda lini?"