Siku Niliyomsingizia Marehemu Bibi

Nilipokuwa mtoto nilisema uongo mmoja ulioshiba mpaka ukatafutiwa kondoo wa kuchinja. Bisha! Wewe uliyemaliza shule, bisha. Mimi niliyeishia darasa la tatu nakusubiri hapahapa. Watoto wenzangu walidanganya kuhusu sukari. Mimi nilimdanganya baba yangu kuhusu mama yake mzazi, naye mama mwenyewe yuko kaburini.

Ilikuwa kwetu Kilolo, miaka ya hamsini, mvua zimekolea na ulanzi umeanza kutoka. Baba alikuwa amejikata mguu kwa shoka, akawa hawezi kuteremka bondeni, basi akanikabidhi mimi kisu cha kugemea. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilitembea na kile kisu kama jumbe. Usiyeujua ulanzi nikueleze: unakata ncha ya mwanzi mchanga, chini yake unatega mbeta, kile chombo cha mwanzi uliokomaa, na maji matamu yanadondoka humo, yakichacha ndiyo pombe yetu. Ila jeraha la mwanzi halitaki mvivu. Asubuhi, mchana na jioni lazima ulichonge upya, kijisehemu chembamba tu. Ukilala, linajifunga, na mwanzi huo basi tena mpaka mwaka mwingine.

Mimi sikulala. Nilikuwa na gari la mbao, magurudumu ya mti, na miteremko ya kwetu mnaijua. Siku mbili sikukanyaga bondeni. Ya tatu, mianzi yote sita ilikuwa imekauka.

"Lugano!" Baba alikuwa amechechemea mpaka huko mwenyewe, akarudi na mbeta tupu. "Uligema?"

"Nilikwenda, baba."

"Sikuuliza kwenda. Uligema?"

Hapo ulimi ukanitangulia. Nikasema nilipofika nilimkuta bibi amesimama katikati ya mianzi, akanikataza: acha, mjukuu wangu, usiikate.

Bibi alikuwa amefariki mwaka uliopita. Nilitegemea baba aogope, mambo yaishe. Hakuogopa. Alikaa taratibu juu ya gogo, akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Alikuwa bado anakohoa?"

"Hapana, baba. Amepona."

Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa kiganja. Mama, aliyekuwa anapukuchua mahindi mlangoni, alinitazama muda mrefu.

Sasa, kwetu marehemu akionekana mianzini ujue amesahauliwa. Anatambikiwa asubuhi: unga na ulanzi vinamwagwa kaburini, kondoo anachinjwa, na aliyemwona ndiye anayesema kwanza. Jumapili tulikaa kanisani benchi la mbele kabisa, lakini kaburi la mama ni kaburi la mama. Wakubwa walisema pia kwamba mtu akidanganya pale, ulimi unamvimba mpaka kinywa hakifungi. Nicheke tu. Jioni ile niliupima wangu kwa vidole mara kumi.

Kondoo tulikuwa naye mmoja, jike, na alikuwa na mimba. Asubuhi mama alipomfungua kamba aliniinamia sikioni. "Mwanangu, kondoo akishachinjwa harudi. Neno bado laweza kurudi."

Tukapanda kaburini. Baba akamwaga unga kidogo, akasema, "Haya, mwambie bibi ulichokiona."

Nikavuta pumzi, nikasema: "Bibi, sikukuona. Nilikuwa nacheza na gari. Mianzi niliikausha mimi."

Nikafumba macho kungoja kofi. Halikuja. Baba akamwaga ulanzi tulioomba kwa jirani, taratibu, mpaka tone la mwisho. "Mama," akasema, "mjukuu wako amekuja kukusalimia." Kondoo akarudi nyumbani anakula majani njiani. Kisu hakuninyang'anya, yakachipuka machipukizi mengine manne, akasema gema, wala hakuja tena kukagua. Wewe umewahi kuaminiwa na mtu uliyemdanganya jana? Afadhali fimbo. Kila nilipochonga niliiona ile sura yake juu ya gogo. Nilikuwa nimempa mama aliyepona, halafu nikamnyang'anya.

Hadithi hii nimeisimulia vilabuni kuanzia Kilolo mpaka Mafinga, na watu hunisifu: mtoto wa miaka tisa, moyo wote ule! Nami huwaacha wanisifu, hata hunywa cha bure. Leo niseme nilichokuwa nakiruka. Sikuvuta pumzi yoyote. Kinywa kilikataa. Nilisimama pale mpaka kaptula ikalowa, na moyo ninaosifiwa niliuazima. Maana baba aliiona ile kaptula. Akaweka mbeta chini, akapiga magoti kando yangu, na mguu ule mbovu, akasema yeye kwanza:

"Mama, yule mbuzi hakuchukuliwa na chui. Nililala machungani, akapotea. Nilikuwa mdogo kama huyu. Nikakudanganya, ukafa unaniamini."

Kisha akanigeukia, mashavu yamelowa, akanishika mkono.

"Zamu yako, mwanangu."