Ubao wa Nusu Bei

Mpaka leo nikisikia uma ukigonga bakuli la enameli, haraka haraka, tak-tak-tak, najua kuna mtu anapiga ute wa mayai, na moyo unanishuka. Ndivyo alivyokuwa akipiga baba. Mwanzoni sauti ni ya majimaji, halafu inafifia kadiri ute unavyogeuka povu, mpaka inakuwa kama mtu anayetembea juu ya majivu. Baba alikuwa anasikiliza tu, haangalii. Sauti ikiisha, analigeuza bakuli juu ya kichwa changu, mimi nafumba macho nacheka, na povu halidondoki.

Baba alipika miaka mingi kwenye mgahawa wa Mfaransa mmoja Dar es Salaam. Mfaransa alipofunga na kurudi kwao, baba naye akarudi kwetu Songea na visu vyake vitatu amevifunga kwenye taulo. Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi, na hoteli ndogo ya shirika la umma pale mjini ikauzwa kwa mfanyabiashara. Huyo ndiye aliyemwajiri baba. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa mhudumu. Sikusikitika hata kidogo. Nilivaa kitambaa cheupe mkononi nikaona kama nimeshafika Ulaya, bado kupanda ndege tu.

Ila wateja hawakuja. Siku moja bosi akaingia jikoni, akasema, "Fundi, watu wa hapa wanataka bia na nyama choma. Nakupa Jumamosi moja. Nikija saa mbili usiku nikute watu mezani wanakula, unabaki na jiko lako. Nikikuta viti vitupu, naweka kaunta ya baa."

"Sawa, bosi," baba akasema.

Wazo la nusu bei lilikuwa langu. Baba hakulipenda, alisema chakula si mtumba. Nikambembeleza mpaka akakubali. Akanipa ubao na chaki, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri, akaniambia, "Uandike na kwamba sahani ni nne, zinakuja moja baada ya nyingine." Nikaandika CHAKULA CHA KIFARANSA, NUSU BEI, kwa herufi kubwa, halafu nikachora maua ya chaki nyekundu kwenye pembe zote. Nafasi ikaisha. Nikajiambia, si watajionea wenyewe wakishaketi.

Jumamosi ile walikuja. Mungu wangu, walikuja kweli, na nguo zao za kanisani. Walimu, manesi, mume na mke kutoka Mjimwema, karani mmoja mcheshi wa posta. Kiti hakikubaki. Kila mtu alilipa mlangoni.

"Leo tunakula Kifaransa," karani akasema, "kesho ugali utatuuliza tulilala wapi."

"Wewe ugali wako haukuulizi, umeshakuzoea na uongo wako," nesi akamjibu, meza nzima ikacheka.

Nikapeleka supu ya vitunguu, yenye mkate na jibini juu. Waliipuliza, wakaila mpaka wakafuta bakuli kwa mkate. Baba alikuwa amenifundisha nisimkimbize mgeni. Nikitoa bakuli, nimwache aongee kidogo. Basi nikakusanya bakuli, nikaenda jikoni kumsaidia kupakua kuku aliyeiva kwenye mvinyo mwekundu. Sufle, kitamu cha mwisho cha povu la mayai, ilikuwa tayari ndani ya oveni. Nilimkuta baba anatabasamu peke yake.

Nilipotoka na sahani mbili za kwanza, ukumbi ulikuwa umesimama. Wanavaa makoti, wanapeana mikono, wengine wameshafika barabarani. Mwalimu aliyenifundisha darasa la tano alikuwa mlangoni.

"Mwalimu, shikamoo. Bado kuna kuku."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshukuru sana, supu tamu."

"Lakini kuku ni wenu. Na bado kuna saladi, na kitamu."

Aliangalia zile sahani, akaangalia jikoni, akashusha sauti. "Tumelipa nusu, tumekula nusu. Ndiyo haki. Usije ukamtia baba yako hasara kwa ajili yetu, akafukuzwa kazi." Akanipiga-piga begani kwa huruma, akatoka.

Niliwakimbilia wengine nje. Karani akanicheka taratibu, akasema nina roho nzuri, Mungu anibariki. Hakuna aliyerudi. Walikuwa wananilinda.

Bosi akaja saa mbili kamili. Alikuta viti vitupu, na mimi katikati nimeshika sahani mbili.

"Walikuja," baba akasema kutoka mlango wa jikoni. Basi. Hakunitazama. Alipokuwa amesimama pale na bosi anaongea habari za kaunta, sufle ilikuwa mezani nyuma yake, imetoka kwenye oveni imevimba kama mto mpya wa kitanda. Ile haisubiri mtu. Niliiona ikishuka.

Bosi alipoondoka, baba aliniuliza swali moja tu. "Supu waliionaje?"

"Waliimaliza yote, baba."

Akatikisa kichwa kukubali, akavua aproni, akatoka uani. Wiki iliyofuata alikwenda Namtumbo kwa kaka yake kulima tumbaku, na tangu hapo sikuwahi kumwona akipiga yai. Habari ya ubao hakuniuliza mpaka anafariki, na mimi sikupata ujasiri wa kumwambia.

Jioni ile, alipokuwa uani, nilitandika upya meza ya dirishani kwa mtu mmoja. Nikaketi, nikaweka kitambaa mapajani, nikaivuta ile sufle iliyolala. Ilikuwa imepoa. Nikaila kijiko kwa kijiko bila haraka, mpaka chini ya bakuli, halafu nikakunja kitambaa nikakiweka kushoto, kama alivyonifundisha.