Maporomoko Niliyoyaona kwa Juu

Nilikuwa na siku kumi. Miaka kumi na tisa nimeuguza watu hapa Houston, na kila likizo yangu imeishia Dar es Salaam kwenye misiba, vikao vya harusi na kugawa viatu. Safari hii nikatangaza naenda Lesotho, kutembea tu. Pale kanisani kwetu Missouri City, pembeni ya Houston, walinitazama kama nimesema naacha dini.

"Kwani Lesotho kuna nini, dada?"

Kuna milima! Nchi nzima ni milima. Nimekulia Morogoro, nikiitazama Uluguru dirishani bila kuipanda hata siku moja, na nilikuwa nimechoka kutazama. Muuguzi mwenzangu, Msotho, alikuwa amenionyesha kwenye simu maporomoko ya Maletsunyane, huko Semonkong. Maji yanaanguka karibu mita mia mbili, na wakati wa baridi kingo zake zinaganda barafu. "Usiishie juu," alinionya. "Kwa juu ni picha tu. Shuka mpaka chini, usimame, yakuloweshe." Ilikuwa lazima nishuke mwaka huo huo. Daktari wa mifupa alishapanga kunibadilisha magoti yote mawili, na alinieleza bila kuzunguka kwamba baada ya hapo nitatembea vizuri dukani na kanisani, lakini miteremko ya mawe niisahau.

Sasa, ukisema huku kwetu kwamba unaenda Afrika, basi wewe ni posta. Hakuna anayeuliza Afrika ipi. Wamarekani wakidhani Afrika ni nchi moja tunawacheka wiki nzima, halafu sisi wenyewe tunampa mtu anayeenda Lesotho mzigo wa Dodoma. Mwenzangu wa kwaya alikuja nyumbani kwangu Stafford na boksi lililofungwa gundi pande zote.

"Dada, si una-connect huko huko? Shuka Dar siku moja tu. Ni dawa za mama, za sukari. Mdogo wangu atakusubiri airport."

Dawa za mama. Mimi muuguzi, ningekataaje? Nikabadilisha tiketi.

Mdogo mtu hakuwepo uwanjani. Yuko Dodoma, anakuja kesho. Kesho yake treni imejaa. Nilifikia kwa kaka yangu Kimara, na yeye akasema niliache boksi pale niende zangu. Mwenye mzigo akanipigia kutoka Texas, sauti ya kulia: dawa zile zina masharti, tafadhali dada, mweleze mdogo wangu wewe mwenyewe, wewe ndiye mtaalamu. Nikabaki, mjinga mimi. Siku ya tatu nikafuta Thaba-Bosiu, kile kilima cha bapa walikozikwa wafalme wao. Siku ya tano nikapiga simu kufuta Katse, ambako ziwa limejipenyeza katikati ya milima, pamoja na ile barabara ya Sani ya kona juu ya kona, ambayo nilikuwa nimeilipia gari na dereva.

Siku ya saba akafika, amependeza kwelikweli. Akafungua boksi pale pale mezani. Wigi mbili, viatu vya kisigino kirefu na manukato.

"Dawa ziko wapi?" nikamuuliza.

"Dawa zipi, dada? Hivi ni vya sherehe ya send-off yangu Jumamosi. Kwani hakukuambia? Karibu sana."

Kaka yangu ndiye aliyenishika mkono na kunitoa nje. Sikumbuki nilisema nini, ila majirani walisikia.

Semonkong nilifika siku ya tisa, saa saba mchana, na ndege yangu ilikuwa kesho yake asubuhi kutoka Maseru. Mwongozaji, mwanaume wa makamo aliyejifunga blanketi zito, alinipeleka ukingoni kwa farasi. Maji yalikuwa yakiruka kutoka mbele ya miguu yetu na kupotelea kwenye bonde jembamba lenye kivuli. Mngurumo wake niliusikia kifuani. Nikamwambia tushuke. Akayatazama magoti yangu, akatazama jua.

"Kushuka saa moja, kupanda masaa mawili," alisema kwa Kiingereza. "Wewe, zidisha mara mbili. Ungekuja jana, mama."

Kule chini kulikuwa na watu wanne, wadogo kama punje za mtama, wakirukaruka kwenye manyunyu. Nililia kwa hasira mbele ya yule bwana, naye akajifanya anamkaza farasi tandiko.

Nilipofanyiwa upasuaji, mwenzangu wa kwaya alikuja nyumbani kunijulia hali na sufuria ya mtori wa ndizi. Akavuta kiti, akaomba radhi kidogo, kisha akanifariji.

"Lakini dada, si ulifika? Angalau uliona."

"Niliona kwa juu."

"Si maji ni yale yale?"

Nikamwambia achukue sufuria yake atoke nyumbani kwangu. Alitoka analia, na mpaka leo pale kanisani wananisamehe, wanasema zilikuwa ni dawa za maumivu. Siku ile nilikuwa sijameza hata kidonge kimoja.