Mlango Aliojiachia Mutua

Wasee, leo nimeuzwa na mtu niliyemfunza kazi mwenyewe.

Mnajua ile tovuti ya oda za spea tunayotengeneza hapa Industrial Area. Wiki hii nzima nimekuwa nikisafisha programu yake. Ilikuwa fujo tupu, na nenosiri moja la ofisi nzima limeandikwa humo humo. Nikalitoa. Kila mtu akapata lake.

Mutua, jirani yangu wa mtaa wa Donholm, nilimkalisha kando yangu nimfunze. Panga mistari ya programu, nikamwambia. Eleza kila hatua, anayekuja baadaye asipotee.

Asubuhi nikamwambia bosi, kifua mbele, "Sasa hapiti mtu bila nenosiri."

Bosi akauliza, "Basi mbona oda za jana zimebadilishwa, na hakuna jina la aliyezigusa?"

Nikafungua programu mbele yake.

Hapo katikati nikakuta hatua mpya: akiingia Mutua, asiulizwe nenosiri, na jina lake lisiandikwe popote.

Na ilivyopangwa, jameni! Mistari imenyooka, maelezo yamekamilika. Safi kuliko yangu.

Nikamgeukia pale mezani kwake. "Mutua, kwa nini?"

Akacheka kidogo. "Buda, si ulisema niandike mtu aelewe?"

Bosi hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi niliyeapa.

Sasa nishaurini, na msicheke. Ufunguo wangu wa pili wa nyumba hukaa kwa Mutua, si ndio ujirani?

Jioni nitamwomba aurudishe, na najua atanipa.

Lakini nani ataniambia kama hajachonga mwingine?